Hatua za Kushoto

Tangu saa mbili asubuhi alikuwa amezifuta hedifoni za kupimia masikio mara tatu, na mgonjwa wa kwanza alikuwa hata hajafika. Mama yake, aliyekaa mapokezi na daftari lake na kalamu iliyofungwa uzi ili watu wasiondoke nayo, alimchungulia kupitia mlango uliokuwa wazi, akaguna.

"Hizo hedifoni zimekukosea nini? Utazichubua."

"Nasafisha, mama."

"Unasafisha, au unalia kwa mikono?"

Aliinamia kitambaa chake. Macho yenyewe yalikuwa yamemvimba. Alikuwa mpima masikio katika kliniki ile ndogo ya ghorofa ya pili, mwaka wa sita sasa, na kutwa nzima alikaa na watu waliochoka kusema "Eti? Umesemaje?" Lakini jioni, akishafika nyumbani na kuoga na kuwasha kompyuta yake, aliitwa Tabibu. Huko kwenye mchezo walikuwa kikosi cha watu watano, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, wakipambana na watano wengine wasiowajua. Kazi yake ilikuwa kuwaponya wenzake wanapojeruhiwa. Na kiongozi wao, seremala mmoja wa vitanda na milango aliyekuwa na karakana upande wa pili wa mji, waliyemwita Kapteni, ndiye aliyemchanganya akili. Alimpenda kwa masikio kwanza, kwa ile sauti nzito isiyokuwa na haraka. Macho yalikuja baadaye, yakakubaliana na masikio bila ubishi. Mwaka na nusu sasa. Jumamosi hii wazazi wa Kapteni walikuwa waje nyumbani kuonana na mama.

Basi Jumapili, Kapteni huyohuyo akamfukuza kikosini.

Tena hakumfukuza kwa hasira. Heri angekuwa na hasira. Alimfukuza kwa Mizani. Hiyo Mizani ilikuwa programu aliyoiweka Kapteni mwenyewe, inayokaa kimya nyuma ya mchezo ikihesabu kila kitu: umepiga mara ngapi, umeponya wangapi, umekufa mara ngapi. Mechi ikiisha inakupa alama katika mia na kukupaka rangi, kijani, njano au nyekundu. Mwanzoni ilikuwa utani tu. Baadaye watu wakaacha hata kupongezana, mechi ikiisha swali ni moja, "Una ngapi?" Kapteni akatunga sheria: atakayekaa kwenye nyekundu wiki tatu mfululizo, ampishe mwingine. Alijivunia sana sheria hiyo, maana haikuwa na upendeleo.

Na wiki ya tatu ilipotimia, akaandika kwenye grupu, mbele ya wote: "Tabibu, wiki ya tatu nyekundu. Sheria ni ya kila mtu. Asante kwa mchango wako."

Asante kwa mchango wako! Kana kwamba alikuwa amechangia soda za kikao. Alipopiga simu baadaye, ilikuwa kumwambia asilichukulie moyoni, ni mchezo tu. Akamkatia. Tangu hapo hakuipokea simu yake tena.

Kilichomchoma roho ni kitu ambacho Mizani haikukijua, na hakuwa amemwambia mtu. Katika mchezo ule, adui unamsikia kabla hujamwona. Hatua zake zinaingia kwenye hedifoni kutoka upande anaokuja. Zikitoka kulia, Kapteni aligeuka upesi ajabu. Zikitoka kushoto, alisimama vilevile mpaka apigwe. Mara ya kwanza ukisema bahati mbaya, sawa. Mara ya kumi, na wewe ni mpima masikio? Alimuuliza mara nne, "Kushoto hukusikia?" na mara nne alijibiwa, "Nilisikia, nilizubaa tu." Basi Tabibu akaiacha nafasi yake, akaenda kusimama kushoto kwa mpenzi wake, mechi baada ya mechi, akiwazuia wale asiowasikia. Kuponya kukapungua. Alama zake zikashuka hadi thelathini na moja. Za Kapteni zikapanda hadi tisini na nne.

"Mume wa kukupa maksi!" mama alikuwa anaendelea huko mapokezi, hasira zimempanda upya. "Leo amekutoa mchezoni, kesho atakutoa jikoni kwa kuwa chumvi imezidi. Mimi nilikwambia tangu siku ile ngazini. Nilimwita, 'Baba! Baba!' Akanipita kama nguzo. Nikasema, kiburi hiki si cha kawaida."

"Mama, hana kiburi."

"Unamtetea mpaka sasa? Haya. Nampigia mama yake. Jumamosi wasijisumbue."

Alimwona mama ameshaichukua simu, kidole kiko juu.

"Nipe mpaka jioni."

"Jioni ya lini?"

"Ya leo, mama. Ikifika jioni sina neno, piga."

Mama aliirudisha simu mezani taratibu, lakini aliiweka karibu.

Saa nne na robo akasikia viatu kwenye ngazi. Alizijua hatua zile kuliko alivyojijua mwenyewe. Alisimama nyuma ya mlango na hedifoni mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilikuwa marahaba ya kufungia duka. "Tunakusaidia nini?"

"Nimekuja kupimwa, mama. Sikio."

"Sikio!" mama alicheka bila kufurahi. "Lipi?"

"La kushoto."

Kalamu ikakwaruza daftari kwa hasira. "Mapenzi yamekuingia sikioni leo. Kaa pale. Una watu wawili mbele yako."

Alikuwepo mmoja tu, tena huyo alikuwa amekuja kumwandikishia jirani yake siku ya kupimwa. Hata hivyo Kapteni alikaa dakika arobaini, magoti yamebana, kama mtu anayengoja majibu ya mtihani, na Tabibu kwa makusudi kabisa akazifuta hedifoni mara ya nne.

Alipomwita hatimaye, aliingia na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, mistari imesimama, lakini unga wa mbao ulikuwa bado kwenye nyusi zake. Mwanamume huyu bwana! Mkono ukataka kwenda kumpangusa. Akauzuia.

"Kaa," alisema, akimwonyesha kibanda cha kupimia, kile chumba kidogo chenye kuta nene na dirisha la kioo. "Nitakuwa hapa nje na mashine. Ukisikia mlio wowote, hata mdogo, inua mkono."

"Kabla hujanipima, soma hii kwanza. Nakuomba."

Aliketi kwenye kiti kilichokuwa nje ya kibanda, akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Iliandikwa kwa penseli nene ya useremala. Tarehe, mechi, mistari iliyopigwa kwa rula. Chini kabisa: hatua zilizotoka kushoto, sitini na tatu. Zilizozuiwa na Tabibu, hamsini na nane.

"Nimetazama rekodi kumi na tisa," alisema haraka haraka, macho yanang'aa. "Kila mechi, kutokea upande wako. Mizani haihesabu pigo ambalo halikunifika, unaelewa? Haina pa kuliandika. Nimekokotoa upya kwa mkono. Ulikuwa wa kwanza kikosini, mpenzi. Tisini na saba! Umenipita hata mimi."

Alisubiri atabasamu. Naye Tabibu alisikia hasira ikimpanda, kali kuliko ya Jumapili.

"Umeniletea maksi nyingine."

"Hapana, mimi..."

"Jumapili nilikuwa na thelathini na moja, ukanifukuza. Leo nina tisini na saba, umekuja umevaa shati la pasi. Nikipata hamsini, utakuja na shati gani?"

Kapteni alilitazama shati lake.

"Hebu niambie," Tabibu aliendelea. "Tuseme sikukukinga hata mara moja. Tuseme nilikuwa mbovu kweli. Nimechoka, mikono mizito, nimekaa hapa kutwa nasikiliza milio, jioni sijiwezi. Ningestahili ile 'asante kwa mchango wako'? Mbele za watu?"

Mashine ilikuwa imewashwa, inanguruma kidogo. Kapteni alitazama karatasi yake. Alipoinua uso, ule mng'ao ulikuwa umeondoka.

"Hapana," alisema.

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu wiki tatu niliitazama nambari yako ikishuka. Kila jioni. Hata mstari wa kushuka kwake niliuchora. Na katika siku zote hizo sikukuuliza hata mara moja, una nini? Ungekuwa unaumwa, nisingejua. Ungekuwa umefiwa, nisingejua. Nilikuwa najua tu una thelathini na moja. Hilo ndilo lililonileta. Ila nilipofika mlangoni kwangu nikaona haya kuja mikono mitupu, ndipo nikarudi kuchukua karatasi."

Akaikunja karatasi, mara nne, mara tano, mpaka haikukunjika tena, akaitumbukiza kwenye pipa la taka chini ya meza.

Wapo wanawake ambao wangemwacha aendelee kuungua. Huyu hakuweza. Alivuta kiti chake, akaketi mbele yake, magoti yao karibu kugusana.

"Ulijuaje?" aliuliza, safari hii kwa upole.

"Ulipoondoka tulipigwa mechi sita kwa siku mbili. Mizani ikanipaka nyekundu mimi. Mimi! Nikasema imeharibika. Nikafungua rekodi zako nijue ulikuwa unafanya nini. Nakuona unageuka kushoto, unampiga mtu, na mimi sijasikia chochote. Mara nane, mara tisa. Nikasema huyu mwanamke ana uchawi." Alicheka kidogo, kicheko hakikufika mbali. "Halafu sijui kilinijia nini. Nikazigeuza hedifoni, ya kushoto nikaivaa kulia. Nikazisikia hatua. Zote. Zilikuwepo siku zote, na mtu pekee aliyejua kwamba sizisikii alikuwa ni wewe. Nilikaa pale kwenye kiti nikalia, sikufichi."

"Randa ya umeme iko upande gani karakana?"

"Kushoto. Mwaka wa kumi na moja sasa."

"Na vile vizuia kelele nilivyokupa siku yako ya kuzaliwa?"

"Vipo. Nimevitundika msumarini."

"Vinasikia vizuri, huko msumarini?"

Akainamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa kwa wizi wa sukari, na Tabibu, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, akatamani kucheka.

"Na mimi nina langu," alisema. "Kila siku nawaambia watu baki habari za masikio yao, bila kupepesa. Ilipofika kwako nikawa mwoga. Nilijua utabisha. Nikaona bora nikukinge kimyakimya kuliko nikwambie ukweli unune. Hiyo nayo si haki. Ningekwambia wazi."

"Ulinikinga."

"Nilikuficha ugonjwa wako. Usinipambe."

Walitazamana. Alikuwa na macho ya kahawia mazito yule seremala, na yalipomtulia mtu, mtu alijisikia kama ubao uliochaguliwa kati ya mbao nyingi. Tabibu akainuka upesi kabla hajapoteza adabu ya kazi.

"Haya, vaa hedifoni. Nyekundu kulia, buluu kushoto. Fumba macho. Hapa sasa mimi ni mpimaji na wewe ni mgonjwa."

Alimwingiza kibandani, akamfungia mlango, akakaa kwenye mashine upande wa pili wa kioo. Sikio la kulia lilikwenda vizuri. Mlio mkubwa, mkono juu. Mlio mdogo, mkono juu. Hata ule mdogo kabisa ambao wagonjwa wengi huukosa, mkono ulinyanyuka taratibu kama anayeuliza swali darasani. Tabibu alichora viduara vyekundu kwenye fomu, vikajipanga mstari mzuri juu.

Akahamia kushoto.

Milio mizito aliisikia. Alipoanza kupandisha wembamba, mkono ukatulia kwenye goti. Akaongeza sauti. Mkono kimya. Akaongeza tena. Kidole cha shahada kilicheza, kikalala. Misalaba ya buluu ikaanza kushuka kwenye fomu, mmoja chini ya mwingine. Alikuwa amekisia, lakini kukisia na kuona ni vitu viwili. Mtu wake alikuwa amekaa mle ndani macho yamefumbwa, uso umetulia kwa imani, anangoja milio ambayo ilikuwa ikilia tangu zamani.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo halimo katika mafunzo yoyote. Aliwasha kipaza sauti kinachoingia sikioni kwa mgonjwa, akakielekeza kushoto peke yake, akateremsha sauti mpaka chini kabisa, pale alipojua kwamba hatasikia.

"Nilikupenda hata ulipokuwa unanifukuza," alisema.

Mkono haukuinuka. Uso haukubadilika. Kusema bila kusikika kulimpa ujasiri, akapandisha sauti hatua moja.

"Nilikupenda hata ulipokuwa unanifukuza. Nilikasirika, nikataka kukuuma. Bado nikakupenda."

Kimya. Akapandisha tena. Machozi yalikuwa yanamshuka sasa na hakuyafuta, kwani nani wa kumwona?

"Nilikupenda hata ulipokuwa unanifukuza."

Hatua ya tano, nyusi za Kapteni zikakutana. Hatua ya sita, akainamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza mtu aliye chumba cha pili. Hatua ya saba, mkono ukaanza kupanda. Ukapanda polepole, ukafika begani, ukapita, ukasimama juu kabisa na vidole vimekunjuka, na kutoka kwenye macho yaliyofumbwa machozi mawili yakapita katikati ya unga wa mbao.

"Umesikia nini?" Tabibu aliuliza.

"Rudia kwanza," alisema Kapteni bila kufumbua macho. "Sikio hili ni bovu."

"Muongo. Mkono uko juu."

"Nimesikia mwanamke akisema kitu nisichostahili." Sasa akafumbua, akamtazama kupitia kioo. "Sitaki kukisikia mara moja tu. Nataka nikisikie mpaka hilo la kulia nalo liwe bovu. Mizani nimeifuta jana. Wenzetu nimewaambia kwa nini, mbele ya wote, palepale nilipokuaibisha. Kama hutaki kurudi kikosini, sitakulaumu. Lakini Jumamosi... niambie, wazee waje au wasije?"

Tabibu alitoka kwenye mashine, akafungua mlango wa kibanda, akamvua hedifoni mwenyewe. Kisha, maana alikuwa amejizuia tangu asubuhi, akampangusa unga wa mbao kwenye nyusi kwa kidole gumba, kushoto kwanza, halafu kulia. Kapteni akaushika ule mkono, akaulaza shavuni.

"Waje," alisema Tabibu. "Ila Jumamosi ina mwenyewe, naye yuko mapokezi. Amenipa mpaka jioni ya leo tu."

Akamweleza fomu ilivyosema. Kilichopotea kushoto hakitarudi, lakini kilichobaki kinalindika, na kuna kifaa kidogo cha kuvaa ambacho kingemsaidia. Kapteni alisikiliza yote bila kubisha. Akaahidi kwamba vizuia kelele vitashuka msumarini leo hii.

Walipotoka, mama alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, simu mkononi. Kapteni alitangulia, akasimama kungoja kadi yake ya kurudi, uso ameuelekeza dirishani, sikio lake zima limejaa kelele za magari ya huko nje. Mama alikuwa ubavuni kwake, kushoto.

"Kijana," alisema mama.

Kapteni alitazama dirisha.

"Kijana, nasema na wewe."

Hakugeuka. Mama alivuta pumzi, mdomo tayari kwa msonyo mrefu wa kuvunja uchumba, na macho yakamwangukia binti yake. Binti alitazama tu daftari lililokuwa wazi mezani. Mama naye akalitazama. Palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, uliokandamizwa kwa hasira: sikio la kushoto.

Msonyo ukaishia njiani.

"Siku ile ngazini," alisema mama polepole, kwa sauti ya chini, "yeye alikuwa anashuka, mimi napanda. Nilikuwa upande gani?"

"Kushoto kwake, mama. Nilikuwa nyuma yako."

"Miaka kumi na tisa niko hapa mapokezi," mama alinong'ona. "Kumi na tisa! Nikamwita mwenye kiburi."

Akaiweka simu mezani, kifudifudi. Akajiinua na magoti yake yasiyopenda kuinuka, akaizunguka meza yote, akampita Kapteni kwa nyuma, mpaka akafika upande wa kulia. Hapo akamgusa kiwiko.

"Mwanangu."

Kapteni aligeuka mara moja, akashtuka kumkuta karibu hivyo. "Naam, mama."

"Waambie wazee wako Jumamosi saa nane. Wasichelewe, sipendi kupasha chakula moto mara mbili."

"Ndiyo, mama. Asante, mama."

"Na tukikaa sebuleni, mimi nitakaa huku, kulia, tusikilizane." Alimtazama binti yake, ambaye bila kujijua alikuwa ameshakwenda kusimama ubavuni mwa yule kijana, palepale alipozoea. "Huko kushoto kuna mwenyewe."